UCHAMBUZI: Vihisi vya bei nafuu vyaweza kufufua fizikia shuleni, ila mtihani ndio kizingiti

KABLA ya mpira kuangushwa katika maabara nyingi za shule za sekondari nchini, wanafunzi huwa tayari wanalijua jibu.

Mwalimu ameshaandika ubaoni kwamba kitu kinachoanguka huongeza kasi yake kwa mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Kundi la wanafunzi wanane hivi hupewa mpira mdogo, rula ya mita moja na saa ya kubonyeza, ile maarufu kama stopwochi. Mmoja anaangusha, wa pili anabonyeza, wa tatu anaandika na waliosalia wanatazama.

Jibu la kwanza linakuwa 7, la pili 15, la tatu 11. Kengele inapokaribia kulia, mambo hubadilika ghafla na madaftari yote huonyesha 9.8 au nambari iliyo jirani yake.

Wanafunzi wana jina la mtindo huo: kupika matokeo. Hakuna mwalimu anayewaamuru kufanya hivyo, lakini hakuna asiyejua kwamba hufanyika. Mwanafunzi hujifunza mapema kwamba kazi ya jaribio si kuuliza maumbile swali, bali ni kurudisha jibu ambalo kitabu kilikuwa nalo tangu mwanzo.

Suala hili limepata uzito mpya tangu Januari 2026, wakati wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi na Utendaji (CBC) walipojiunga na Gredi ya 10 katika sekondari pevu. Zaidi ya watahiniwa milioni 1.1 walifanya tathmini ya KJSEA mwishoni mwa 2025, na lengo la serikali limekuwa kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati (STEM).

Mjadala kuhusu lengo hilo umejikita katika majengo: ni shule ngapi zina maabara na ni ngapi hazina. Mjadala huo unafaa. Hata hivyo, maabara ni kuta tu iwapo ndani yake hakuna kifaa kinachoweza kumwonyesha mwanafunzi jambo asilolijua.

Kifaa kimoja cha aina hiyo kinaweza kuundwa humu humu nchini kwa gharama ndogo. Nacho ni kihisi cha kielektroniki cha kupima muda.

Udhaifu wa kidole

Ili kuelewa umuhimu wa kihisi hicho, ni vyema kwanza kuelewa kwa nini stopwochi hushindwa.

Mpira ulioangushwa kutoka kimo cha mita moja hufika sakafuni baada ya sekunde 0.45 hivi. Nacho kidole cha binadamu huchukua takriban sekunde 0.2 kuitikia kile ambacho jicho limeona. Ina maana kwamba kuchelewa kwa mpimaji kunakaribia nusu ya muda wenyewe unaopimwa.

Chukulia kwamba mwanafunzi amekosea kwa sekunde 0.1 pekee, kosa ambalo hata mkono wenye mazoezi hulifanya. Akichelewa kwa kiasi hicho, hesabu yake itampa jibu lililo chini ya 7. Akiwahi kwa kiasi hicho hicho, atapata zaidi ya 16. Hii ni kwa sababu muda katika kanuni hiyo huzidishwa kwa wenyewe, na kosa dogo la muda hugeuka kosa kubwa la jibu.

Kwa hivyo mwanafunzi aliyepata 7 au 15 hakuwa mzembe. Alitumia kifaa kisichoweza kufanya kazi aliyopewa, kisha akalaumiwa kwa matokeo yake.

Si ajabu kwamba mwanasayansi wa Italia, Galileo Galilei, alikwepa mtego huu karibu miaka 400 iliyopita. Katika kitabu alichochapisha mnamo 1638, alieleza jinsi alivyobingirisha mpira wa shaba kwenye mfereji ulioinama ili mwendo upungue, kisha akapima muda kwa kupima uzani wa maji yaliyotiririka kutoka kwenye chombo. Alifahamu kwamba kuanguka moja kwa moja kulikuwa kwepesi mno kwa vifaa vya zama zake.

Shule zilizojaliwa hutumia kifaa cha utepe, ambacho hugonga nukta 50 kwa sekunde kwenye karatasi inayovutwa na kigari. Kifaa hicho hutegemea mdundo wa umeme wa kawaida wa Kenya, na umbali kati ya nukta moja na nyingine ni sawa na sekunde 0.02.

Ni kifaa kizuri, na vizazi vya wanafunzi vimekitumia. Hata hivyo, kinahitaji umeme wa stima, utepe na karatasi ya kaboni, na utepe wenyewe hukwaruza na kupunguza mwendo wa kile kinachopimwa. Stima ikipotea, kipindi kimekwisha.

Ikumbukwe pia kwamba si kila jaribio linahitaji elektroniki. Pendulamu yenye urefu wa mita moja huchukua sekunde mbili hivi kwenda na kurudi. Mwanafunzi akihesabu mizunguko 20, atakuwa amepima sekunde 40, na kosa la kidole la sekunde 0.2 litakuwa halina uzito mkubwa. Anayedai kwamba fizikia haiwezi kufunzwa bila vihisi anapotosha. Ukweli ni kwamba kuna mambo ambayo mkono unaweza kupima, na mengine ambayo hauwezi.

Lango la mwanga

Kihisi kinachozungumziwa hapa huitwa lango la mwanga, na jinsi kinavyofanya kazi si fumbo. Upande mmoja huwekwa taa ndogo ya LED inayotoa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, sawa na ule unaotoka kwenye rimoti ya televisheni. Upande wa pili huwekwa transista inayohisi mwanga. Kitu kinapopita katikati, mwanga hukatika na saa ya kielektroniki huanza kuhesabu. Kitu kinapokatiza lango la pili, saa husimama.

Saa yenyewe huwa ni bodi ndogo inayopokea maagizo ya programu. Iliyo maarufu zaidi ni Arduino, iliyobuniwa mnamo 2005 katika mji wa Ivrea nchini Italia kwa ajili ya wanafunzi wasiokuwa wahandisi. Wabunifu wake waliuweka wazi mchoro wake, na ndiyo sababu nakala zake huundwa na viwanda vingi na kuuzwa kwa bei ya chini. Bodi ya Arduino Uno huweza kusoma muda kwa hatua za sehemu nne za milioni ya sekunde, usahihi unaozidi sana mahitaji ya darasa lolote la sekondari.

Katika maduka ya elektroniki ya jijini Nairobi, yakiwemo yale ya barabara ya Luthuli, taa na transista za aina hii huuzwa kwa makumi ya shilingi. Nakala za bodi hizo hupatikana kwa mamia kadhaa ya shilingi hadi elfu mbili hivi, kutegemea aina. Ukiongeza rezista, nyaya, betri na kipande cha mbao, kundi moja la wanafunzi linaweza kuwa na saa yake bila shule kukopa.

Kinyume chake, malango ya mwanga yanayotengenezwa na kampuni za ng'ambo huuzwa kwa makumi ya dola hadi zaidi ya dola 100 kwa kila moja, kabla ya kuongeza usafiri na ushuru. Mara nyingi mnunuzi hulazimika pia kununua kifaa kingine cha kuyaunganisha na kompyuta. Shule ikijikaza itanunua moja, na moja hilo litafungiwa kabatini lisije likaharibika.

Vijenzi vingine havihitaji kununuliwa hata kidogo. Maus za kompyuta za miaka ya 1990, zile zenye kigololi ndani, zina jozi za taa na transista zinazofanya kazi hii hasa. Printa zilizoharibika nazo zina malango madogo ya mwanga yanayotambua karatasi inapopita. Vifaa hivi vimerundikana katika stoo za ofisi na za shule zenyewe vikisubiri kutupwa.

Iwapo shule ina kompyuta kuukuu lakini haina bodi, transista ya mwanga inaweza kuchomekwa kwenye tundu la maikrofoni. Programu ya kurekodi sauti isiyolipiwa, kama vile Audacity, kwa kawaida huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde. Kila mwanga unapokatizwa, alama huonekana kwenye skrini, na umbali kati ya alama mbili ndio muda unaotafutwa.

Simu nayo inaweza kutumika. Programu ya phyphox, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani mnamo 2016, ina saa inayoanza na kusimama kwa mlio. Shule nyingi za mabweni hazimruhusu mwanafunzi kuwa na simu, lakini simu moja ya mwalimu inatosha kwa maonyesho mbele ya darasa.

Kosa la milimita mbili

Ingawa hivyo, itakuwa makosa kudhani kwamba kihisi kikishafungwa mezani, jibu la 9.8 litajitokeza lenyewe. Hapa ndipo penye kiini cha suala zima.

Chukulia kwamba wanafunzi wameweka malango mawili, moja juu na jingine mita moja chini yake. Wanaushika mpira juu kidogo ya lango la kwanza na kuuachilia. Saa inafanya kazi barabara, lakini jibu linakuwa 10.7, na wakirudia linakuwa 10.7 tena.

Kihisi hakijakosea. Mpira uliachiliwa milimita mbili juu ya mwali wa lango la kwanza, na ulipoukatiza ulikuwa tayari una kasi. Saa ilianza kuhesabu ikiwa imechelewa kwa sekunde 0.02, na milimita mbili hizo zinatosha kulisukuma jibu kutoka 9.8 hadi 10.7.

Kwa kutumia stopwochi, kosa hilo lisingeonekana kamwe kwa kuwa lingezama ndani ya makosa makubwa zaidi ya kidole. Kihisi kimelifichua. Darasa sasa lina swali la kweli ambalo halimo kitabuni: hizi nambari tisa zinazofanana zimetoka wapi, na mbona zote zinakwenda upande mmoja?

Mfano mwingine ni mwanga wa jua. Jua lenyewe hutoa mwanga wa infraredi kwa wingi, na lango lililowekwa kando ya dirisha saa sita mchana huenda lisione kabisa mpira ukipita. Dawa yake ni kuifunika transista kwa kipande cha ganda la kalamu kilichopakwa rangi nyeusi ili ione upande mmoja tu. Mwanafunzi aliyehangaika nusu saa kabla ya kugundua jambo hilo amejifunza kuhusu mwanga kuliko anavyoweza kujifunza kutokana na imla ya kurasa kumi.

Hii ndiyo tofauti kati ya kifaa cha kununua na cha kuunda. Baadhi ya walimu wana hofu, nayo ina mashiko, kwamba elektroniki itawapa wanafunzi nambari wasizojua zilikotoka. Utepe wa nukta, wanasema, angalau mtoto anaushika na kuuhesabu. Jawabu la hofu hiyo ni kumwacha mwanafunzi aliunganishe lango mwenyewe, alijaribu, akosee na alirekebishe kabla ya kuliamini.

Nambari ya Ikweta

Kuna jambo jingine ambalo vipimo sahihi vingemwezesha mwanafunzi wa Kenya kulifahamu.

Thamani ya 9.81 inayopatikana katika vitabu vingi ni ya nchi zilizo mbali na Ikweta, zikiwemo nyingi za Ulaya. Dunia si mviringo kamili; imetanuka katikati na inazunguka. Kwa sababu hizo mbili, mvuto wake hupungua kidogo karibu na Ikweta, na hupungua zaidi kadiri mtu anavyopanda juu kutoka usawa wa bahari.

Mjini Mombasa, thamani hiyo ni 9.78 hivi. Jijini Nairobi, ulio kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, ni chini ya hapo kidogo, takriban 9.775. Katika hesabu za mitihani, mwanafunzi mara nyingi huambiwa atumie 10 ili kurahisisha kazi.

Tofauti kati ya 9.81 na 9.78 ni ndogo, lakini inaweza kufikiwa. Pendulamu ya mita moja iliyopimwa urefu bila kukosea kwa zaidi ya milimita moja, na muda wake ukapimwa na lango la mwanga kwa usahihi wa sehemu ya elfu ya sekunde, hutoa jibu lenye shaka ya takriban 0.015. Wanafunzi wakirudia mara kadhaa na kuibembeza kwa pembe ndogo, wataiona nambari ya kwao. Stopwochi nayo inaweza kukaribia hapo kwa mizunguko 100, mradi apatikane mwanafunzi wa kuihesabu yote bila kupotea.

Tafakari basi hali ya mwanafunzi wa Nairobi aliyefanya kazi kwa makini akapata 9.77, kisha akaifuta na kuandika 9.81 kwa kuwa ndivyo kitabu kisemavyo. Amefuta jibu sahihi la mahali anapoishi na kuandika la mahali ambapo hajawahi kukanyaga.

Mafunzo ya miradi iliyotangulia

Wazo la shule kuunda vifaa vyake si geni nchini. Mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Hisabati na Sayansi katika shule za sekondari (SMASSE), ulioanza mnamo 1998 kwa msaada wa Japani kupitia shirika lake la JICA, uliwahimiza walimu kuacha hotuba na kukumbatia shughuli, majaribio na ubunifu wa vifaa vya mahali walipo. Mradi huo ndio uliozaa taasisi ya CEMASTEA iliyoko mtaani Karen, Nairobi, ambayo huwapa mafunzo walimu wa masomo hayo hadi leo.

Walimu wengi waliopitia mafunzo hayo walirudi shuleni wakiwa na ari. Walichokikuta ni madarasa yaliyofurika, silabasi ya kukamilishwa na mtihani wa KCSE uliokuwa ukisubiri mwishoni mwa njia. Ubunifu ulipogongana na mtihani, mtihani ndio ulioshinda.

Funzo la pili linatokana na mradi wa vipakatalishi. Ahadi iliyotolewa katika kampeni za 2013 ilibadilika kuwa mpango wa tabuleti za wanafunzi wa darasa la kwanza, na kuanzia 2016 zaidi ya vifaa milioni moja vilisambazwa katika shule za msingi za umma. Vilifika vikiwa vimefungashwa vizuri, lakini si kila mahali palipokuwa na mwalimu aliyeandaliwa kuvitumia wala fundi wa kuvitengeneza. Kufikia leo, katika shule kadhaa, makabati ndiyo yaliyonufaika.

Miradi hiyo miwili ilikosea kwa njia tofauti. Wa kwanza ulimwandaa mwalimu bila kuubadilisha mtihani. Wa pili ulileta kifaa bila kumwandaa mwalimu. Vihisi vya muda vitapata masaibu hayo hayo endapo vitaletwa kama zawadi kutoka juu, vikiwa na nembo na hotuba ya uzinduzi.

Mtihani ndio kizingiti

Katika KCSE, ambayo itafanywa na kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 mnamo 2027, karatasi ya tatu ya Fizikia ndiyo ya majaribio na hutahiniwa kwa alama 40. Mtahiniwa hupata alama kwa kujaza jedwali, kuchora grafu, kutafuta mteremko wa mstari na kutoa jibu lililo ndani ya kiwango kinachotarajiwa.

Baraza la Kitaifa la Mitihani nchini (KNEC) lina sababu nzuri za kufanya hivyo. Linapaswa kuwatendea haki watahiniwa wa shule yenye maabara tatu na wa shule yenye chumba kimoja cha mabati, tena kwa siku moja. Mtihani wa aina hiyo hauna budi kutumia vifaa vichache, rahisi na vinavyofanana kila mahali.

Hata hivyo, mfumo huo una athari isiyokusudiwa. Mwanafunzi aliyepata 10.7 na kueleza kwa nini milimita mbili zimemponza hana mahali pa kuyaandika maelezo hayo. Aliyepika 9.8 ana grafu iliyonyooka kama rula. Akikaa msahihishaji asiyewajua wote wawili, ataona nani ndiye mwanasayansi?

Mtaala mpya una nafasi ya kulirekebisha jambo hili kwa kuwa hautegemei mtihani wa mwisho pekee. Katika KJSEA ya 2025, asilimia 20 ya matokeo ya mwisho ilitokana na tathmini zilizofanyiwa shuleni. Ndani ya tathmini za aina hiyo ndimo mradi wa kuunda kihisi unamoweza kuingia katika sekondari pevu, ukaadhibiwa au kutuzwa kwa vigezo tofauti: je, mwanafunzi alipima mara ngapi? Aliandika nambari zote, hata zile zilizomwaibisha? Alieleza kosa lake limetoka wapi?

Vigezo hivyo havihitaji pesa. Vinahitaji uamuzi wa KNEC na Taasisi ya Ustawishaji Mitaala (KICD).

Mzigo usiopaswa kupuuzwa

Litakuwa jambo la kumdhulumu mwalimu kudai kwamba yote haya ni rahisi. Mwalimu wa Fizikia katika shule ya kutwa ya kundi la C4 huenda ndiye pia anayefunza Hisabati, anayesimamia michezo na anayeandaa maabara kwa kuwa hakuna msaidizi. Kumwongezea kazi ya kulehemu nyaya usiku ni kumtwika punda aliyekwisha kulemewa.

Kadhalika, fedha hazipo kwa wingi. Mgao rasmi wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari umekuwa Sh22,244 kwa mwaka, lakini walimu wakuu wamelalamika mara kwa mara kwamba pesa hizo huchelewa na huja zikiwa pungufu. Shule inayodaiwa na muuzaji wa maharagwe haiwezi kulaumiwa kwa kutonunua transista.

Kuna pia kikwazo cha taratibu. Kifaa cha kununua huja na ankara, risiti na nambari ya kuandikwa katika daftari la mali. Kifaa kilichoundwa na wanafunzi kwa vijenzi vya Sh50 hapa na Sh80 pale hakina hati yoyote ya kumridhisha mkaguzi wa hesabu. Matokeo yake ni kwamba mwalimu mkuu huona afadhali kununua kimoja cha bei ghali kuliko kuunda kumi vya bei nafuu.

Vikwazo hivi vyote vina ufumbuzi usiohitaji sheria mpya. Vyuo vya kiufundi vimeenea katika kaunti, na vina wanafunzi wa elektroniki wanaohitaji miradi ya kuthibitisha ujuzi wao. Wakipewa mchoro mmoja ulioidhinishwa, wanaweza kuwaundia majirani zao wa sekondari malango kadhaa kila muhula na kurudi kuyatengeneza yanapoharibika. Chuo kitapata mradi, nayo shule itapata ankara ya kumwonyesha mkaguzi.

CEMASTEA nayo inaweza kuchapisha mchoro huo pamoja na programu yake na orodha ya vijenzi, kwa Kiingereza na Kiswahili, ili mwalimu wa Lodwar asianze upya kazi iliyokwisha kufanywa na mwenzake wa Kisii. Kwa kuwa bodi na programu hizi ziko wazi, hakuna leseni ya kulipia.

Zaidi ya hayo, si lazima kila mwanafunzi awe na kihisi. Malango manne katika darasa la wanafunzi 40 yanatosha iwapo makundi yatapokezana, huku mengine yakiendelea na pendulamu na stopwochi. Kulinganisha majibu ya vifaa viwili ni somo lenyewe.

Linalohitajika kwanza

Ni dhahiri basi kwamba tatizo la majaribio ya fizikia nchini si la pesa peke yake. Taa ya kihisi ni ya bei ya chini kuliko soda, na ujuzi wa kuiunganisha umo mikononi mwa mafundi wa redio katika kila mji. Kilicho ghali ni kubadilisha mazoea ya kumtuza anayerudisha jibu la kitabu na kumpuuza anayeripoti alichokiona.

Mazoea hayo hayaishii maabarani. Kijana aliyefunzwa kwa miaka mingi kwamba nambari hurekebishwa hadi zimpendeze mkubwa ndiye atakayekuwa mhandisi wa kukagua daraja, fundi wa kupima dawa au mhasibu wa kaunti. Nchi ambayo kila mwaka husoma ripoti za hesabu zisizolingana haina sababu ya kushangaa mtindo huo ulianzia wapi.

Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Wanafunzi wa Gredi ya 10 wa 2026 watakamilisha sekondari pevu mnamo 2028. Hiyo ni miaka mitatu ya kuamua iwapo mradi wao wa kwanza wa kupima utatahiniwa kwa ukweli wake au kwa kufanana kwake na kitabu.

KNEC na KICD zinaweza kuanza na sentensi moja katika mwongozo wa tathmini ya shuleni: kwamba mwanafunzi aliyeandika 10.7 na kueleza sababu atapata alama zaidi ya aliyeandika 9.8 bila kueleza lolote. Siku sentensi hiyo itakapofika shuleni, walimu wenyewe ndio watakaokwenda Luthuli kutafuta transista.